Namba Mia Tisa na Silabi Moja

Mtaka yote hukosa yote. Maana ya methali hii kila mtu anaijua, au anadhani anaijua: anayetaka kujilimbikizia kila kitu mwishowe hubaki mikono mitupu. Wengi wakiisikia humfikiria mlafi mezani au tajiri mwenye maghala matatu anayetamani la nne. Mimi humfikiria kijana mmoja mpole, mwenye adabu zake, asiyejali makuu ya chakula wala ya mavazi, ambaye tamaa yake yote ilikuwa juu ya namba inayoonekana kwenye kioo cha simu. Tamaa haina sura moja.

Kijana huyo alifanya kazi katika duka la kuuza na kutengeneza simu na kompyuta. Wenzake walimbandika jina la Kasi, kwani hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuomba nywila ya waifai na kupima kasi yake, wakati mwingine hata kabla hajakaribishwa kiti. Aliishi na mama yake na dada yake mkubwa katika nyumba ya vyumba vitatu, iliyobanana na nyumba za majirani pande zote. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na juu ya kabati la vitambaa ndipo ilipowekwa ruta, chombo chenye antena nne kilichogawa intaneti nyumba nzima.

Dada mtu alikuwa mkalimani. Kila asubuhi alijifungia chumbani kwake mwisho wa ukumbi, akavaa vipokea sauti masikioni, akafungua kompyuta na kuingia hospitalini bila kutoka nyumbani. Hospitali yenyewe ilikuwa mbali sana. Baadhi ya madaktari wake walikuwa wageni wasiojua Kiswahili, na wagonjwa wao hawakujua lugha nyingine. Kati yao kulisimamishwa kioo chenye magurudumu, na ndani ya kioo hicho kulikuwa na uso wa Dada. Daktari alisema, Dada akasema. Mgonjwa alijibu, Dada akajibu. Kazi hiyo aliisotea miaka, na sasa alikuwa katika mwezi wa majaribio. Aliipenda kama mboni ya jicho lake.

Jumapili mchana Kasi aliingia sebuleni akiwa amekenua meno yote thelathini na mawili.

"Dada! Sasisho la ruta limetoka. Programu mpya kabisa."

"Kwani ya zamani ina nini?" Dada aliuliza.

"Haina kitu. Ila hii ni mpya."

Mama hakuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Kitu kizima mnakipeleka hospitali," alisema. "Haya, pelekeni. Kikirudi kinachechemea msiniite."

Kasi alicheka na kubonyeza. Ruta ilizima taa zake, ikakaa kimya kama dakika tano, ikaamka. Ndani ya programu mpya alikuta kipengele ambacho hakikuwapo zamani: upana wa njia. Waifai husafiri hewani katika njia zilizopangwa kando kwa kando. Mpaka siku hiyo ruta yao ilikuwa imeunganisha nne kati ya hizo na kuzitumia kama njia moja, na ilikuwa haijamsumbua mtu. Sasa iliruhusu kuunganisha nane. Kasi hakuuliza hizo nne nyingine zilikuwa za nani. Alichagua nane, akasimama hatua mbili kutoka kwenye kabati la vitambaa, akapima.

Mia tisa.

Aliipiga picha namba hiyo na kuituma kwenye kundi la wenzake wa dukani. Mmoja alijibu kwamba ametia chumvi. Kasi akapima tena, akatuma tena. Jioni hiyo kichwa kilimvimba hata mlango wa sebule ukawa mwembamba kwake. Na ni kweli ilikuwa mia tisa, asisingiziwe mtu. Kipimo chenyewe huchukua sekunde kumi, na kwa sekunde hizo kumi hapakuwa na ruta ya kuikaribia mtaani pale.

Jumatatu asubuhi Dada alikuwa na mama mmoja aliyekuja hospitalini na mwanawe wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, jicho la kulia limefunga ukungu na la kushoto linaelekea huko huko. Daktari bingwa wa macho alikuwa amekuja kwa wiki moja tu na Ijumaa alikuwa anaondoka. Kasi alipopita ukumbini alimsikia dada yake akisema, "Mtoto ana mtoto wa jicho," akaenda kumwambia Mama kwamba huko hospitalini siku hizi watoto wana watoto. Mama alimrushia kidonge cha uzi.

Ndani ya chumba cha Dada, kwenye kompyuta, muuguzi mgeni aliyekuja na daktari huyo alikuwa akieleza maandalizi. Mtoto angelazwa usingizi wa dawa, hivyo tumbo lilipaswa kuwa tupu. Dada alimgeukia mama wa mtoto na kutafsiri kwa sauti ya taratibu: asubuhi kabla ya kuja, mtoto asinywe chochote, hata maziwa. Picha kwenye kompyuta iliganda kidogo, ikarudi. Dada aliandika alama ndogo ya msalaba kwenye daftari lake, na saa kando yake, kama alivyozoea kila lilipotokea jambo lisilo la kawaida.

"Umeelewa, mama?" aliuliza.

"Nimeelewa, dada yangu. Ahsante sana."

Jumanne saa nne simu ililia. Alikuwa msimamizi wa wakalimani, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Ulimwambia nini yule mama kuhusu maziwa?"

"Nilimwambia mtoto asinywe chochote, hata maziwa."

"Mtoto amekuja na kikombe kizima cha maziwa tumboni. Amerudishwa kutoka mlango wa chumba cha upasuaji. Mama yake anaapa ulisema anywe."

"Siwezi kusema hivyo. Haiwezekani!"

"Mazungumzo yanarekodiwa upande wetu. Sikiliza."

Dada akasikiliza. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, safi, ya upole, sauti aliyoifunza kwa miaka: "Asubuhi kabla ya kuja, mtoto a... nywe... maziwa."

Silabi ya "si" ilikuwa imemezwa njiani, na baada yake "chochote, hata" navyo vikaenda. Katika Kiswahili chetu katazo zima linaweza kukaa ndani ya silabi moja. Iondoe, na katazo linageuka amri. Mama wa watu alikuwa ametii neno kwa neno. Aliamka mapema, akachemsha maziwa, akambembeleza mwanawe ayamalize.

"Daktari amekubali kumpa nafasi Alhamisi," msimamizi alisema. "Ni nafasi ya mwisho, Ijumaa anasafiri. Maelekezo yatarudiwa kesho saa nne. Nimekuombea wewe uyarudie, kwa sababu mtoto ameshakuzoea sauti. Nisijutie."

Simu ilikatika. Dada alitoka chumbani, akaenda sebuleni, akaketi kwenye kiti cha wateja wa Mama, akashika tama. Alilia bila kujificha. Hakulilia kazi, ingawa nayo ilikuwa imening'inia kwenye uzi. Alimlilia yule mtoto aliyevaa nguo zake safi, akafikishwa mpaka mlangoni, kisha akageuzwa.

Kasi aliitwa kutoka dukani. Alifika mbio, akapima.

"Mia nane na tisini," alisema. "Hiyo ni nzima kabisa, Dada. Tatizo haliko hapa."

"Liko wapi?"

"Labda kwao hospitalini. Au pasi ya Mama. Mama, ulikuwa unapiga pasi jana?"

"Mimi napiga pasi tangu hujazaliwa," Mama alijibu, "na sijawahi kumeza silabi ya mtu."

Siku hiyo Kasi alihangaika kweli, mgala apewe haki yake. Aliihamisha ruta kutoka juu ya kabati hadi juu ya friji, kisha akairudisha. Alikigeuza kioo kikubwa cha Mama kikatazama ukuta, na mteja aliyekuja kujaribu gauni ikabidi aulize watu amependeza vipi. Akasema vipokea sauti vya Dada vimechoka. Dada alipopendekeza waya, wakakumbuka kwamba kompyuta yake ni ile nyembamba isiyo na tundu la kuuchomekea. Na kila alipofanya jambo, Kasi alisimama pale pale, hatua mbili kutoka kwenye ruta, akapima sekunde kumi. Mia tisa. Mia nane na themanini. Mia tisa na tano. Mara moja tu namba ilianguka ikawa sifuri, na hiyo akaifuta haraka akasema simu imepitiwa.

"Rudia hiyo," Dada alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake na daftari mkononi. "Hiyo sifuri imetokea saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa nane na dakika ishirini."

Dada akaandika msalaba. Kisha akampa mdogo wake daftari. Tangu Jumatatu asubuhi kulikuwa na misalaba kumi na saba, na Jumapili kabla ya sasisho hapakuwa na hata mmoja.

"Ruta haina daftari lake?" aliuliza.

"Inalo. Ila mna maneno matupu mle, hamna namba."

"Nionyeshe hayo maneno matupu."

Kasi alifungua ukurasa aliokuwa akiuruka siku zote. Ulikuwa na mistari mingi mifupi ya lugha ya kigeni, imeandikwa saa mbele ya kila mmoja. Kwake yeye ilikuwa kelele za mtambo. Kwa dada yake ilikuwa kazi ya kila siku. Alivuta kiti, akaweka daftari lake kando ya simu, akaanza kutafsiri kwa sauti ile ile ya hospitalini.

"Saa tatu na dakika kumi na mbili: rada imesikika, njia imeachwa. Nasikiliza kwa sekunde sitini kabla ya kurusha tena. Na mimi nina msalaba, saa tatu na kumi na mbili. Saa tano kasorobo: rada imesikika, njia imeachwa. Msalaba. Saa nane na ishirini, hii yako uliyoifuta: rada imesikika." Aliinua macho. "Ulishawahi kusoma haya?"

"Huwa nasoma namba, Dada. Maneno ni ya mafundi."

"Na wewe ni nani?"

Kasi alitazama dirisha la nyuma, lile linalotazama kamba ya nguo. Juu ya kilima, ng'ambo ya mapaa ya mabati, kulikuwa na mnara wenye tufe jeupe ambao wote waliuona kila siku bila kuufikiria. Ilikuwa rada ya kupima mvua. Zile njia nne za ziada alizozichukua Jumapili zilikuwa za rada. Ruta zinaruhusiwa kuzitumia kwa sharti moja, kwamba zikimsikia mwenyewe anapita zinyamaze na kumpisha. Programu mpya ilikuwa na adabu kuliko bwana wake. Ilisikia, ikanyamaza dakika nzima, ikarudi, ikafukuzwa tena.

"Huo ni mkatiko mkubwa," Dada alisema. "Misalaba mingine haimo kwenye daftari la ruta. Ile ya silabi moja moja. Ile ya 'si' yenyewe."

Hapo Kasi alikuwa na jibu, nalo lilimtoka kwa shida. Ukitanda kwenye njia nyingi unakutana na kelele za kila aliye kwenye njia hizo. Simu yake ilikuwa ikiona ruta ishirini na tatu za majirani. Aliyebaki kwenye njia nyembamba hugombana na jirani mmoja au wawili. Yeye alikuwa amejitandaza katikati ya wote, na nguvu ya kurusha ni ile ile aliyokuwa nayo zamani. Karibu na kabati la vitambaa ilitosha. Mwisho wa ukumbi, nyuma ya kuta mbili, ilikuwa ikifika imetoboka matundu.

"Basi punguza," Dada alisema.

"Napunguza."

Akapunguza. Lakini mazoea yana taabu. Katika mpangilio wa zile njia za hewani kulikuwa na upande wa chini wenye majirani wengi na upande wa juu wenye nafasi, na upande wa juu, hata kwa njia nne tu, ulimpa mia sita. Ulikuwa ndani ya eneo la rada. Kasi alijiambia kwamba mvua haipimwi kila saa. Alimwambia dada yake, "Nimebana," na hilo lilikuwa kweli, ila alikobania hakukutaja.

Jumatano saa mbili asubuhi Dada alikataa kutazama namba yoyote. "Leo tunapima maneno," alisema. Alimpa Mama simu, akamwomba akae nje kwenye benchi, atumie bando na si waifai ya nyumbani, amwangalie kwenye kioo kama yule mama wa hospitalini na arudie kila neno atakalolisikia. Yeye akajifungia chumbani. Kasi akasimama ukumbini katikati yao.

"Asinywe," Dada alisema.

"Asinywe!" Mama aliitikia nje.

"Asile."

"Asile!"

"Asiguse jicho."

"Asiguse jicho! Nani huyo anayeguswaguswa?"

"Mama, rudia tu. Asinywe maji."

Nje kukawa kimya. Kisha sauti ya Mama ikaja, yenye mashaka, "Anywe maji?" Halafu, "Mbona umeganda mdomo wazi? Wewe! Umekuwa sanamu!" Dakika nzima ikapita. Kilimani lile tufe jeupe lilikuwa pale pale, likifanya kazi yake.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Dada hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Umeiacha wapi ruta?"

Kasi alikiri. "Upande wa juu. Ilikuwa inatoa mia sita."

"Mdogo wangu, saa mbili zimebaki, hazijafika hata mbili. Yule mtoto kesho ama anaona, ama anarudi nyumbani na ukungu wake mpaka daktari mwingine apatikane, na hakuna ajuaye lini. Sina haja na mia tisa. Sina haja na mia sita. Mimi naomba silabi moja tu. Nipe 'si' yangu."

Kasi alichukua simu yake. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Aliiteremsha ruta upande wa chini, mbali na rada. Akatafuta njia iliyokuwa na jirani mmoja tu, tena jirani anayeshinda kazini. Akazima ile ruhusa ya kuunganisha njia nyingi, ikabaki moja. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, alipima. Mia moja na kumi. Aliitazama namba ile kwa huzuni ya kweli, wala sitamcheka kwa hilo. Kila mtu ana kitu chake. Akaifunga simu na kuitia mfukoni.

"Anza tena, Dada."

Walirudia mara arobaini. Asinywe, asile, asikimbie, asilie. Mama aliitikia zote, na katikati akaanza kuongeza zake: "Kasi asiguse! Kasi asisasishe!" Nazo zikafika zote, silabi kwa silabi. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alisimama kando ya benchi akidhani fundi wake amerukwa na akili.

Saa nne kamili kioo cha hospitalini kikafunguka. Mama wa mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho mekundu. Alionekana kama mtu aliyekuja kuhukumiwa.

"Dada yangu, mimi nilisikia anywe," alianza. "Wallahi nilisikia anywe. Mimi siwezi kumfanyia mwanangu hivyo."

"Ulisikia sawa," Dada alimwambia. "Kosa lilikuwa upande wangu. Wewe ulitii ulichosikia, na mimi ninakuomba radhi." Kisha akamtafsiria muuguzi maneno yote mawili, ya yule mama na yake mwenyewe, bila kupunguza.

Muuguzi akasoma maelekezo. Dada akayasema. Ukumbini Kasi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mfukoni, roho mkononi.

"Sasa nirudishie wewe," Dada alisema. "Kesho asubuhi mtoto afanyeje?"

"Asinywe," alisema yule mama. "Si maziwa, si maji, si chai. Asile. Hata akilia, asinywe."

Picha haikuganda. Dada alitazama daftari lake. Ukurasa wa siku hiyo haukuwa na msalaba hata mmoja tangu saa mbili na nusu.

Alhamisi mtoto alifanyiwa upasuaji. Ijumaa asubuhi, kabla daktari hajaelekea uwanja wa ndege, Dada aliitwa kwenye kioo kwa mara ya mwisho, maana bandeji ilikuwa inafunguliwa na daktari alitaka kujua mtoto anaona nini. Mlango wa chumba aliuacha wazi kidogo. Mama alisimamisha cherehani. Kasi, aliyepaswa kuwa dukani, hakuwa dukani.

Bandeji ilitoka. Mtoto alipepesa, akakunja uso, akapepesa tena. Alimtazama mama yake muda mrefu. Kisha akageukia kioo chenye magurudumu, akakisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa ile sauti aliyoizoea.

"Kumbe ni wewe," alisema, "uliyeninyima maziwa!"

Daktari aliuliza mtoto amesema nini. Ilikuwa kazi ya Dada kumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ukalimani hakuweza. Alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka, na kule ng'ambo mama wa mtoto naye vivyo hivyo, hata daktari akabaki anatazama huku na huku akisubiri tafsiri.

Ukumbini simu ya Kasi ilitetemeka. Mwenzake wa dukani alikuwa anauliza kwenye kundi: leo namba ngapi? Kasi alisikiliza kwanza. Kutoka chumbani sauti ya mtoto ilikuwa bado inafika, nzima nzima, ikidai maziwa yake ya Alhamisi.

"Mia moja na kumi," aliandika. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Lakini zote zinafika." Hawakumwelewa, wakamcheka mpaka jioni. Yeye aliwaacha wacheke, kwa kuwa alikuwa ameshajifunza kwa gharama ya chozi la mtoto wa watu kwamba mtaka yote hukosa yote.